Nafasi ya Kiganja

Jumanne, baina ya adhana na ikama ya adhuhuri, maji ya birika la msikiti wa Mbwajumali yalitetemeka pasi na mtu kuyagusa.

Fundi Obeid alikuwa peke yake pale birikani, kata imo mkononi, bado haijafika majini. Aliyaona kwa macho yake mawili. Viduara vidogo vilizuka katikati, vikaenda hadi ukingoni, vikagonga, vikarudi vikakutana na wenzao, na uso mzima wa maji ukasisimka kama ngozi ya mtu aliyeingiwa na baridi. Akageuka kutazama ni nani aliyepita akikanyaga kwa kishindo. Hapakuwa na mtu. Hata kunguru wa ukutani, ambaye siku zote humwangalia kwa dharau, alikuwa amekwisha ruka.

Siku hiyo aliswali asijue ameswali rakaa ngapi. Imamu alipotoa salamu, yeye alikuwa bado amesujudu, anasikiliza kwa paji la uso kama sakafu itasema neno.

Mtu mzima kuogopa maji ya kutawadhia ni jambo la kuchekwa. Lakini Obeid alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na urefu wa hatua sitini ikiingia baharini. Sababu ilikuwa gati.

Kabla ya gati, kuteremka Mbwajumali ilikuwa fedheha. Pwani yake ni tope na mikoko, mashua hazifiki karibu, na kila mgeni alibebwa mgongoni, awe kadhi awe muuza samli. Wenyewe wanasimulia kwamba tope lile liliwahi kummeza punda mzima na shehena yake ya nazi, na mwaka wa pili pakaota mnazi wenye masikio. Basi miaka miwili kabla ya vita vya Mjarumani wanakijiji wakakata shauri kujenga gati la mawe kwa mikono yao. Wakamwita Obeid, naye akajenga kama alivyofundishwa na marehemu mwalimu wake, Jeilani.

Jeilani alikuwa amefanya uashi miaka mingi katika bandari za Uajemi, na huko ndiko alikoiona ardhi ikitikisika. Alirudi na mguu mmoja mfupi na mambo matatu asiyochoka kuyarudia. La kwanza, gati lisiwe kipande kimoja. Liwe vipande, na baina ya kipande na kipande iachwe nafasi ya kiganja kimoja, ijazwe makumbi ya nazi, ili nchi ikicheza kila kipande kicheze peke yake kisigongane na jirani. La pili, kila safu nne za mawe ilazwe safu ya boriti za mkoko zilizofungwa ncha kwa ncha, kwa kuwa jiwe halikubali kupinda na boriti hukubali. La tatu, chini ya ukuta yaachwe matundu, maji yaliyoingia bahari ikijaa yapate kutoka bahari ikitoka.

"Mtanga ulioshiba mai ukitikiswa huwa uji," Jeilani alikuwa akisema. "Nimeona kwa mato yangu, Obeid. Gati lina watu mia yuu yake, wapokea chombo. Nti ikatikisika muda wa kusema bismillahi. Mtanga ukawa uji, uji ukasukuma ukuta, ukuta ukenda. Katika mia wale sikusikia hata moya akipiga ukelele. Hawakuwahi."

Obeid alijenga vipande vitatu, kila kimoja na matundu yake matatu. Viwili vya upande wa nchi kavu alivijaza vifusi vya matumbawe. Cha tatu, kile cha mbele kabisa wanakoshukia watu, vifusi vilimwishia, akakijaza mchanga wa pwani. Hakuona neno, maadamu matundu yapo.

Kisha akaja Bi Khairiya.

Bi Khairiya alikuwa bibi wa mjini Amu, yaani Lamu, wa nyumba ya ghorofa na zidaka, vishubaka vya mapambo, ukuta mzima, na mwanawe Abdulkadir alikuwa amemposa Swafiya, binti wa pekee wa Obeid. Kwa desturi mume ndiye huingia nyumbani kwa mke, basi mama alikuja kuitazama nyumba atakayoingia mwanawe. Aliteremka gatini, akasimama, akainamisha macho.

"Bwana Obeid," alisema kwa sauti laini kama hariri, "gati lako lina nyufa kama kisigino cha mkamua ng'ombe."

"Si nyufa, Bi. Ni nafasi. Zimewekwa makusudi ili..."

"Na huko miguuni latoa kaa."

Kweli, kaa wawili walikuwa wamechungulia kwenye tundu, kana kwamba wameitwa kutoa ushahidi.

"Kwetu sisi," Bi Khairiya aliendelea, "ukuta usiofungwa ni ukuta usio na mwenyewe. Siku ya harusi watakuja mabibi wa mjini. Sijui nitawaambiaje kwamba mkwe mwenzangu ni fundi, lakini hamalizi kazi."

Mtu mwingine angecheka akasahau. Mwashi wa visiwani, ambaye heshima yake yote imo katika ulaini wa lipu yake, chakula kilimshinda siku tatu. Madi, kaka wa mkewe na mwenzake wa kazi, alimwambia, "Ziba tu, shemegi. Tangu nizaawe nti haiyatikisika ila siku dadangu alipokasirika."

Obeid akaziba. Akatoa chokaa aliyoiloweka miezi sita kwa ajili ya zidaka za chumba cha Swafiya, akafunga nafasi zote mbili na matundu yote tisa, akapiga lipu, akaisugua kwa mgongo wa kombe la bahari hadi gati likang'aa kama yai. Watu wa Kizingitini walikuja kwa miguu kujitazama sura, na wenye vipara walipanga foleni kufunga vilemba vyao upya mbele yake.

Hiyo ilikuwa siku kumi na mbili kabla ya maji ya birika kutetemeka. Na harusi ilikuwa Alhamisi, keshokutwa yake.

Jumanne ile ile baada ya alasiri, bahari ilipokwisha kutoka na tope likabaki wazi, Obeid alikwenda gatini na ufito. Juu ya kipande cha tatu alikuwa ameacha tundu moja la kusimamishia nguzo ya taa. Akapiga magoti, akapenyeza ufito mchangani. Ulizama kama unavutwa. Alipoutoa ulikuwa umelowa karibu wote, juu hadi chini.

Bahari ilikuwa mbali, hata sauti yake haisikiki. Maji yalikuwa ndani ya gati. Yalikuwa yakiingia kwa chini siku kumi na mbili, na hayakuwa na pa kutokea.

Obeid alisimama, akainua mguu, akapiga kisigino mara moja. Ndani ya tundu la nguzo maji yakapanda, yakatoa povu moja la kijivu, povu likapasuka na harufu ya kitu kilichooza. Akapiga tena. Safari hii hakusikia sauti ya mguu juu ya sakafu. Chini yake kulikuwa kumelegea, na mtikisiko ulikwenda mbele yake hadi ukutani, ukarudi, ukamgusa nyayo.

Alitoka pale akitembea kwa ncha za vidole, kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

"Una nini?" Madi alimwuliza pwani. "Uso wako umekuwa mweupe kuliko lipu yako."

"Madi, yeo hukusikia nti ikitetema?"

"Nimesikia tumbo langu. Tangu asubuhi natengeza biriani ya watu siyaipewa hata ukoko."

"Mai ya birika yametikisika."

Madi alimtazama, akacheka, kisha akapunguza kicheko. "Shemegi, neno hilo usilirudie mbele za watu. Watasema harusi imekupanda kichwani. Na wakwe wakisikia baba wa bibi arusi aona mambo, wataulizana kama ugonjwa huo huenda na damu."

Hapo ndipo hofu ya Obeid ilipozaa ya pili. Akinyamaza, Alhamisi kijiji kizima kitasimama juu ya uji uliofunikwa lipu. Akisema, ataambiwa ana jini, wakwe watarudi kwao, na Swafiya atabaki na hina yake mikononi. Akibomoa na nchi isitikisike, atakuwa baba aliyevunja harusi ya mwanawe kwa nyundo.

Jumatano alishinda akichunga kila kitu chenye maji. Alikuwa akikaa karibu na mitungi kama paka. Kwenye baraza ya kahawa vikombe viligongana, ting, ting, mara mbili, na mwenye buli akapata lawama kwamba mkono wake umezeeka. Mbuzi wa kijiji, ambao jua likiwa kali hulala kivulini mwa gati, siku hiyo walipanda makaburini wakasimama wote wakitazama upande mmoja. Kila mtu aliliona jambo lake dogo, akalipa sababu yake ndogo. Obeid peke yake ndiye aliyeyajumlisha.

Baada ya magharibi mkewe, Hindu, alimwambia binti anamwita.

Swafiya alikuwa ndani siku ya saba, kama inavyowapasa mabibi arusi, amelazwa kitandani amepakwa singo ya manukato mwili mzima, haruhusiwi kutoka wala kujisumbua. Alizungumza na babake kutoka nyuma ya pazia.

"Baba, usinicheke."

"Sicheki, mwanangu."

"Kitanda chatembea."

Obeid alikaribia pazia.

"Siku saba nalala kimya kama mzigo," Swafiya alisema. "Hapa sina la kufanya ila kutazama kibakuli cha mafuta. Jana adhuhuri mafuta yalitetema. Yeo mara tatu. Na kila mara mtetemo waanza chini, kwenye miguu ya kitanda, kisha yuu. Nimemwambia mama, asema ni hamu ya mume."

Baba aliketi chini kando ya pazia. Kisha akamweleza yote: kaa, kisigino cha mkamua ng'ombe, matundu, povu la kijivu. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba aliziba kwa aibu tu. Kulisema neno hilo kwa pazia kulikuwa rahisi kidogo.

Swafiya aliinuka akaketi kitandani.

"Abdulkadir ndiye atakayeshuka wa mwanzo," alisema. "Atasimama pale mbele, angoje mamake. Baba, zibua."

"Wakisusa je?"

"Akisusa akiwa hai nitajua la kumwambia. Zibua."

Alhamisi, bahari ikiwa mbali na jua ndiyo kwanza lachomoza, Obeid alikuwa topeni hadi magotini na tindo na nyundo. Alianza na matundu ya kipande cha tatu. Akapiga. Tindo likaruka likamrudia usoni. Chokaa ile ya miezi sita, kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya katika maisha yake, ilikuwa imekuwa jiwe. Akapiga mara mia, akapata shimo la kuingia kidole gumba. Tangu siku ile ilisemwa kwamba tindo la Obeid lilikwenda topeni na urefu wa mkono likarudi na urefu wa sindano.

Madi alikuja mbio. "Wafanyani, mwendawazimu weye?"

"Shika nyundo ya pili au rudi kwa biriani yako."

Madi alitaka kujibu, lakini wakati huo tundu lilifunguka. Maji hayakutiririka. Yaliruka, meusi, yananuka, kwa nguvu iliyomtupa Obeid chali topeni, na yakaendelea kutoka kama mshipa uliokatwa. Madi aliyatazama mpaka kicheko chote kikamwisha usoni. Akashika nyundo.

Lakini bahari haikuwangojea. Maji yalirudi kwa kasi, yakafika kiunoni, na matundu mawili yaliyobaki yakazama na lipu yake nzima. Wakapanda juu, wakaishambulia nafasi baina ya kipande cha pili na cha tatu. Obeid alijua sasa kipande cha mbele hakiokoleki. Ilibaki kukitenga, kisivute vingine. Walipiga bila kusema. Kila kipande cha lipu kilichoanguka, Obeid alikisikia kama jino lake. Saa nne nafasi ile ilikuwa wazi juu hadi kwenye maji, makumbi yanachungulia. Wakahamia ya pili.

Hapo zikasikika ngoma.

Wanawake wa Mbwajumali walikuwa wanakuja kupokea wageni, wamevaa walichonacho na walichoazima, wanaimba, mbele yao wanaume wawili wamebeba kiti cha enzi cha kumkalisha Bi Khairiya. Na mashua ya Amu ilikuwa imekwisha onekana, tanga linashushwa. Wanawake walimpita Obeid kama wanavyopita jiwe la njiani, wakajaa hadi kipande cha tatu. Vigelegele vikapanda. Wakaanza kuruka kwa mpigo wa ngoma, miguu mia mbili kwa pamoja.

Obeid alitazama tundu la nguzo ya taa. Lilikuwa linatoa povu kila mguu ulipotua.

"Tokani!" alipiga ukelele. "Tokani hapo! Nti itatikisika!"

"Na itikisike!" alijibu mmoja. "Ndiyo tunayoicheza!"

Wakaangua kicheko, wakaongeza kishindo. Obeid aliomba, akasihi, akamtaja Mungu, akamtaja Jeilani. Walimwona tu baba wa bibi arusi, chokaa hadi kwenye kope, amechachawa. Mguuni alisikia mtetemo mwembamba usiofuata ngoma.

Madi ndiye aliyekimbilia beseni lao la kazi, lililokuwa pwani kando ya chokaa iliyosalia. Akalijaza chokaa mbichi nyeupe, akalimwaga lote katikati ya gati, akapaza sauti:

"Enyi mabibi, hadhari! Chokaa mbichi! Gati lote lapakwa upya! Yala hariri mpaka uzi wa mwisho!"

Hofu ya kufa haikuwa imemtoa hata mmoja. Hofu ya kuharibu hariri ya kuazima iliwatoa wote. Walinyanyua mapindo, wakakanyagana, wakapiga mayowe, na kabla hujamaliza kusoma Fatiha kipande cha tatu kilikuwa kitupu, isipokuwa kiti cha enzi kimesimama peke yake na ngoma moja iliyoachwa.

Mashua ilikuwa imefika. Abdulkadir, kanzu nyeupe na joho, alikuwa ameinua mguu kukanyaga gati.

"Usishuke hapo!" Obeid alisema.

Mguu wa bwana arusi ukabaki hewani. Nyuma yake Bi Khairiya akasimama.

"Bwana Obeid, mgeni hukataliwa gatini?"

Na Obeid, mbele ya kijiji na mabibi wa mjini, akasema: "Hukataliwa, Bi, gati likiwa bovu. Lilikuwa zima. Niliziba nafasi na matundu kwa kuogopa maneno yako, na sasa lina maji ndani na litaanguka. Nimekosa mimi. Shuka majini, ubebwe kama walivyobebwa wazee wetu. Kisha ukitaka kurudi kwenu na posa yako, nitakubeba mimi mwenyewe."

Bi Khairiya alimtazama Obeid, akaitazama nafasi iliyopasuliwa, akayaona maji meusi yanayovuja. Labda ni uso wa mwanawe ndio uliomgeuza, kwa kuwa Abdulkadir alikuwa amekwisha rukia majini, joho na yote.

Madi alikinyakua kiti cha enzi, akakishusha. Bibi akakaa. Madi akashika mbele, mwana akashika nyuma, wakamwinua juu ya mabega, maji yanawafika kifuani, wakaanza kwenda pwani hatua kwa hatua. Walikuwa wamekwisha kupita kipande cha pili kiti kilipoanza kutetemeka.

"Tulieni!" Bi Khairiya alisema. "Mwatetema nini? Mimi si mzito hivyo."

"Si sisi, Bi," Madi alisema, na meno yake yalikuwa yakigongana. "Ni nti."

Kwanza ilikuja sauti, kama mapipa yanayoviringishwa chini ya bahari. Mikoko ikatikisika bila ya upepo. Samaki wakaruka, mmoja akatua mapajani mwa Bi Khairiya, naye hakumtazama. Obeid, aliyekuwa amesimama kwenye kipande cha kwanza, alihisi mawe yakienda kushoto, yakarudi kulia, akasikia boriti za mkoko zikilia ndani kwa ndani kama milango mibovu. Kipande cha pili kilicheza chake. Kwenye nafasi iliyozibuliwa makumbi yalibanwa, yakaachiwa, yakabanwa.

Kipande cha tatu hakikucheza. Kilisimama muda wa kusema bismillahi, kinang'aa kama yai, kisha ukuta wake wa mbele ukafunguka kama mlango na mchanga ukatoka, laini, kijivu, mwingi, uji mtupu. Sakafu ikazama. Ngoma iliyoachwa iliviringika, ikaingia majini, na haikutoa sauti.

Kisha kukatulia. Katika watu wote waliokuwa pwani hakuna aliyepiga kigelegele wala kulia. Walitazama pale walipokuwa wakiruka muda mfupi uliopita, wakitafuta miguu yao.

Swafiya aliolewa siku ile ile, waalikwa wameketi uani mbali na kuta, na kadhi akifungisha ndoa huku jicho moja liko kwenye gilasi ya sharbati. Bi Khairiya alikaa hadi jioni. Alipoaga alimwambia Obeid, "Jenga upya. Na ukiziba tena, kwa maneno ya mtu yeyote, nikiwemo mimi, namtoa mwanangu humu."

Obeid alijenga upya, kwa vifusi vitupu. Kila Bi Khairiya alipokuja kumwona mwanawe, mashua ilingojea. Alimtuma mtu kwanza amhesabie matundu, na kaa akiwakosa aliuliza wako wapi. Kisha alipanda, akatoa mkono kwenye shiraa yake ya kujisitiri, akauingiza ndani ya nafasi hadi makumbi yamguse kiganja pande zote mbili, na hapo ndipo wengine waliporuhusiwa kushuka.

Fundi mwenyewe alisifiwa hadi Siyu na Faza, na hakufurahi. Watu walihesabu waliopona. Yeye alihesabu miguu mia mbili. Hadi mwisho wa umri wake, kila alipofika birikani, aliishika kata hewani kwanza akaangalia maji, na waliokuwa nyuma yake kwenye foleni, wenye haraka zao, walingoja bila kunung'unika mpaka yeye achote.